Mpira Ulioutoa Nje

Dubai, Ijumaa, baada ya Isha

Nassor mwanangu,

Mama yako amekuchukua Mirdif kumuaga shangazi yako, na shangazi hatowaachia mpaka mle mara mbili. Kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu, na begi lako liko mlangoni. Nimelipima tena. Lilikuwa limezidi kidogo, nikatoa chupa za achari, kisha nikazirudisha kwa kumwogopa mama yako, nikatoa lile taulo nililokununulia mimi. Malaysia taulo zipo.

Habari za kufua, kula, kusali kwa wakati na kupiga simu umeshaambiwa na mama yako, tena vizuri kuliko ningeweza mimi. Sitoyagusa. Nakuandikia juu ya mpira mmoja tu, ule ulioutoa nje.

Najua hutaki kuusikia. Lakini juzi, kwenye chakula cha kukuaga, ami yako Seif alikuuliza, "Daktari, huko uendako wagonjwa ni wengi?" Tangu siku ile ya nusu fainali ya vyuo amekubandika jina hilo, na kila mwenye kuja hapa hulichukua. Ukamjibu huku unatafuna: "Daktari kastaafu, ami. Huko mtu akilala mbele yangu, napiga." Watu wakacheka sana, na wewe ukacheka. Mimi nilikuwa nakata tikiti maji. Sikucheka, na tangu juzi jibu lako hilo linanifuata kila niendako. Kocha wa huko ameshaiona video yako na anakungoja kwa majaribio. Nisingependa ufike kwake na jibu hilo, hasa kwa vile najua ulilipata kwangu.

Wewe siku ile ulikuwa uwanjani, na aliye uwanjani halijui jukwaa. Acha nikusimulie ilivyokuwa kwetu.

Tulikaa kama kawaida: sisi watu wa Unguja upande wenye kivuli, na pamoja nasi wale vijana wa Kenya, walinzi wa maghala ya Jebel Ali, waliopata siku yao ya mapumziko. Hawana ndugu chuoni kwenu. Wanakuja kwa sababu panapopigwa ngoma na kusemwa Kiswahili ni kama kwao. Ngoma, unajua, ni yangu. Na raha yetu kubwa pale jukwaani ni kwamba tunaweza kusema lolote. Wiki nzima mtu unachunga ulimi. Kwa arbab, bwana mwenye kazi, unasema Kiarabu, kwa mteja Kiingereza, na kila neno unalipima kabla halijatoka. Ijumaa unafungua mdomo kwa Kiswahili, na hakuna anayekuelewa isipokuwa wenzako. Tumewatukana makipa wa kila taifa mbele ya mama zao, na mama zao wakatupungia mkono.

Mlikuwa mmefungana moja kwa moja, muda unakwisha, na mlikuwa mmewabana hasa. Wapinzani wenu pumzi zimewaishia. Wachezaji wao wawili walikuwa wamekwisha kulala chini kipindi kile, wakatibiwa, wakanyweshwa maji, kisha wakainuka wakikimbia kama swala. Kwa hiyo sisi jukwaani tulikuwa tumeshahukumu kabla kipa wao, yule Khalil, hajaanguka.

Aliupiga ngumi mpira wa kona, beki wao akaumalizia kwa kuupiga mbali, karibu na katikati ya uwanja. Hakuna aliyemgusa Khalil. Alisimama, akainama, akakaa, kisha akalala ameshika goti. Ami yako alikuwa wa kwanza: "Mwigizaji!" Nikalitilia ngoma neno lake. Wale vijana wa Kenya wakadakia: "Mleteeni na mto!" Tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Ndipo ukamnyang'anya mtu mpira. Ukampita beki wa mwisho, na mbele yako pakabaki goli tupu na kipa aliyelala. Refa hakuwa amepiga filimbi. Nafikiri alikuwa bado hajamwona. Ukapunguza mwendo, na ukainua uso.

Unayo tabia hiyo tangu mdogo. Ukitaka kufanya jambo kubwa uwanjani unanitafuta kwanza. Hata ulipokuwa ukicheza pale nyuma ya maegesho na watoto wa majirani ulikuwa ukinitafuta dirishani. Nilikuona ukinitafuta, nikainua fimbo ya ngoma juu ya vichwa vya watu, nikaielekeza golini.

Ulikanyaga mpira. Kisha ukautoa nje, upande ule mwingine usio na watu, na ukamnyooshea refa mkono.

Sitokuficha, niliona kama umenivua nguo mbele za watu. Lakini wewe ni wangu, na hasira sikuweza kuzileta kwako, nikampelekea aliyelala. Nikabadilisha pigo la ngoma na kuanzisha kibwagizo: inuka mwana inuka, mama anakuita ukale. Jukwaa zima likaitikia. Tuliimba, tukarudia, na kila tukirudia tunaongeza la kwetu.

Palikuwa na mwanamke chini kabisa, karibu na uzio, abaya nyeusi kama wanawake wote wa hapa. Alikuwa amesimama muda wote, mkono mdomoni, macho kwa kipa. Aliposikia kibwagizo aligeuka. Akapanda ngazi polepole, akinitazama mimi, na mimi naendelea kupiga, nikidhani anakuja kulalamikia kelele. Alipofika mbele yangu hakupaza sauti hata kidogo.

"Mamake ni mimi, kaka," alisema. "Na kula ashakula."

Kiswahili cha Mombasa, kisicho na doa. Ngoma ilinyamaza, sijui niliiacha saa ngapi. Vijana wa Jebel Ali wakatazama viatu vyao. Ami yako akaanza kutafuta simu iliyokuwa mkononi mwake. Nilitaka kumwomba radhi yule mama, naapa nilitaka, lakini kilichonitoka ni, "Karibu, dada."

"Sikuja kukaa," akasema, akashuka.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Khalil aliinuka, mkaenda kwenye penalti, na ya kwako akaidaka yeye. Sikukuuliza siku ile jinsi ulivyojisikia ukitembea kurudi kwa wenzako. Nakuuliza sasa, ingawa jibu sitolisikia.

Garini, tulipofika Ras Al Khor, pale pa foleni, ndipo nilipokwambia maneno mawili: "Ungepiga tu." Uligeukia dirishani. Ulikuwa unatazama malori. Mimi nilikuwa nimeshamsikia yule mama kwa masikio yangu, aibu yake bado inanichoma, na bado nikakwambia ungepiga tu. Nadhani ilikuwa rahisi kukutwika wewe kuliko kubeba mwenyewe.

Unajua kwamba kila siku naandika kidogo kwenye daftari langu. Mmekuwa mkinicheka kwamba naandika hata bei ya vitunguu. Leo nimelifungua pale pa siku ile. Kuna tarehe, kuna joto, kuna matokeo ya mpira. Yule mama hayumo, wala wewe humo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja alikuja kaunta, kwenye duka letu la vipuri, anatafuta kioo cha pembeni cha gari la zamani. Mrefu, anatabasamu. Akaniambia, "Shikamoo, mzee wa ngoma." Nilipomtambua nilitafuta pa kujificha nyuma ya makopo ya oili. Lakini Khalil hakuja na kinyongo. Alikuja na mazungumzo, akaegemea kaunta kama tunajuana miaka. Nikamuuliza hali ya goti. Akacheka.

Hakuumia, Nassor. Goti lilikuwa zima.

Aliniambia bila kuficha, kama mtu anayeeleza namna ya kubadilisha tairi. Wana ishara yao. Kocha wao akivua kofia, kipa analala, wenzake wanakwenda pembeni kunywa maji na kusikiliza maelekezo. Kila timu inafanya, alisema, na mchezaji mwingine akilala refa humuuliza maswali au humpa kadi, lakini kipa humwachia atibiwe. Kofia ilivuliwa mpira ukiwa mbali, akalala. Kisha akafungua jicho moja, akakuona wewe unakuja na mpira mguuni, na hakuna mtu kati yenu. Nikamuuliza kwa nini hakuinuka akadake. Akasema angeinukaje, na mama yake anamtazama?

Nikamwambia yule aliyekuwa na mpira ni mwanangu. Alifurahi kweli. "Alituokoa sana yule," akasema, akacheka tena, akaomba nimpunguzie bei ya kioo. Sikumpunguzia.

Nilipokuwa namfungia kioo nikamuuliza kama mama yake anajua. Hapo uso ulibadilika.

"Mama usimwambie, mzee," alisema. "Wiki nzima alikuwa akinikanda kwa mafuta. Nilichechemea nyumbani mpaka nikachoka."

Nikamwambia sitomwambia. Nikampa salamu ampelekee, na aliponiuliza aseme za nani, nikamwambia za mtu wa ngoma, na kwamba mtu wa ngoma anaomba radhi. Akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, kwa sababu alichukua kioo cha kushoto na kilichovunjika ni cha kulia. Akaniambia salamu zilifika. Mama yake alisema amesamehe, kisha akauliza swali: yule kijana aliyetoa mpira nje, ni mtoto wa nani?

"Hukumwambia?" nikamuuliza.

"Nimekuja kukuuliza kwanza kama nimwambie."

Nikasema mwambie ni wa mtu wa ngoma. Khalil akazungushazungusha kile kioo mkononi. "Atashangaa," akasema.

Nimekaa na habari hii mpaka leo. Angekuwa ameumia kweli ningekupigia simu palepale kutoka dukani, na ami yako angelazimika kukutafutia jina jingine. Habari yenyewe ndiyo hii, na naona kabisa inavyoweza kukuingia: kwamba ulikuwa mjinga, kwamba jukwaa zima liliona sawa na wewe peke yako ukaona vibaya, kwamba baba alisema kweli garini. Nilifikiri nikuache uende bila kujua. Lakini dunia yetu hii ya Dubai ni ndogo, Khalil anapenda kuzungumza, na siku moja utaisikia kwa mtu atakayekusimulia huku anacheka. Afadhali uisikie kwangu, pamoja na haya mengine.

Wekesa humjui, ulikuwa mdogo. Alikuwa mpakiaji kwenye ghala letu la kwanza la injini kuukuu, mtu wa Bungoma, mcheshi, mwenye nguvu. Mwaka ule mimi nilikuwa nimefanywa msimamizi, na kabla yake palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anaumwa mgongo kila siku ya kontena. Tulikuja kujua kwamba mgongo ule huenda kucheza mpira jioni. Arbab alinicheka mbele ya watu kwamba nimechezewa, na mimi nikaapa kwamba sitochezewa tena. Kisha siku moja ya joto Wekesa akakaa chini kando ya giaboksi, akasema mgongo umekatika. Nikamwambia, "Yalla, Wekesa, mchezo umekwisha, inuka." Wenzake wakacheka. Alikuwa na wazazi wanaomtegemea na viza iliyo mikononi mwa mtu mwingine, kwa hiyo aliinuka. Aliinua ile giaboksi, na hakuinua kitu kingine tena. Alirudishwa kwao. Anatembea kwa fimbo.

Kila Idi ananitumia salamu, yeye Mkristo, hajawahi kusahau. Zikifika natoka, na mama yako hudhani ninakwenda kibarazani kwa ajili ya upepo.

Baada yake nilikuwa namwamini kila anayesema anaumwa. Nimedanganywa mara nyingi. Mmoja alipata maumivu ya jino upande wa kulia, na aliporudi shavu alilokuwa ameshika lilikuwa la kushoto. Nilimwona na nikamwacha. Nikaambiwa na arbab kwamba mimi ni laini. Nimewahi kukaa nikapima, kama ninavyopima kila kitu: kila aliyenidanganya alinigharimu kontena kuchelewa kushushwa, na maneno ya arbab mpaka jioni. Kontena lililochelewa lilishushwa kesho yake. La Wekesa sijui nilishushie wapi.

Na pale ulipokuwa wewe, na mpira mguuni, kulikuwa na mtu chini ameshika goti. Hukuweza kuona ndani ya goti. Mimi sikuweza, refa hakuweza, mama yake aliyemzaa hakuweza. Jukwaani tulijua, ndiyo, na tulipatia, lakini tulipatia kama mtu anayebahatisha mlango gizani. Tungempigia kelele hivyohivyo hata kama mfupa ungekuwa umetokeza nje. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba hatukuwa tumemtazama.

Sikwambii waongo hawapo. Wapo, na wengine wana vioo vya pembeni vya kununua. Sikwambii pia kwamba utalipwa kwa wema. Umelipwa kwa kudakiwa penalti na kuitwa Daktari. Na huko uendako siku moja kocha anaweza kuvua kofia akikutazama wewe. Sijui utafanya nini. Mimi nikifikiria habari hiyo simwoni refa wala wachezaji. Namwona mwanamke amekaa sebuleni kwake, mikono ina mafuta, anakanda goti zima.

Yule mama alipouliza ni mtoto wa nani, nilijibu haraka kuliko nilivyostahili. Sikuwa nimekulea hivyo siku ile. Siku ile nilikuwa nimekunyooshea fimbo ya ngoma golini. Sijui ulilipata wapi lile la kukanyaga mpira. Labda kwa mama yako, ndiye asiyependa mpira.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha mpira, cha kulia. Ukiamua huko hutocheza tena, pengine utaiona umeshachelewa, na haidhuru. Ukienda kwenye majaribio utaikanyaga kwanza.

Nasikia lifti. Ni nyinyi, namsikia mama yako anacheka. Nitakusaidia kufunga begi na tutazungumza habari za foleni ya uwanja wa ndege, na kesho garini nitakuwa kimya kama ninavyokuwa. Kwa hiyo nimalizie hapa.

Siku itafika, mtu atalala mbele yako na goli litakuwa wazi. Watu watapiga kelele kwa lugha usiyoijua. Utapunguza mwendo, na kwa tabia yako utainua uso unitafute. Hutoniona. Basi jua kuanzia sasa kwamba fimbo nimeishusha.

Toa nje, Nassor. Toa nje, baba, tufungwe.

Baba yako